Maharage Meupe

Kitu cha kwanza ambacho Mama Alto alimwonyesha Leokadia Mligo siku hiyo hakikuwa mwanawe. Zilikuwa glasi. Glasi sita za kioo zenye maua mekundu ubavuni, zimepangwa kwenye rafu ya sebuleni juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe.

"Ziangalie vizuri, daktari," alisema, mikono kiunoni. "Nimezinunua Njombe mjini mwezi uliopita. Tangu Alto ajue kutembea, nyumba hii imekuwa ikinywea plastiki."

"Mimi si daktari, mama. Ni mchambuzi wa tabia."

"Kwangu ni daktari. Kaa, chai inakuja."

Leokadia alikaa. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akipanda na kushuka vilima vya Njombe kwenda kwenye nyumba ambazo majirani walizipita wakiwa wameharakisha mwendo, nyumba za watu wanaojing'ata, wanaojigonga ukutani, wanaorusha sufuria ikiwa na uji wake. Alikuwa na kovu la meno kwenye mkono wa kushoto na daftari zaidi ya mia moja kabatini. Aliipenda kazi yake kuliko alivyoweza kueleza kwenye harusi za watu, pale wageni walipomuuliza anafanya nini hasa.

Nyumba hii aliijua ilipokuwa na mabati madirishani. Sasa ilikuwa na vioo, na nyuma ya vioo kulikuwa na mapazia. Mama Alto, ambaye jina lake la ubatizo ni Eusebia, alikuwa amenenepa kidogo. Mkono wake wa kulia, ambao Alto aliuvunja miaka miwili nyuma, ulimimina chai bila kutetemeka.

"Jumamosi jumuiya ilisali hapa," alisema. "Watu kumi na wanane, wamejaa mpaka barazani. Miaka kumi na miwili ilipita bila mtu kutaka kuja kusali kwangu. Nililia mpaka mwenyekiti akafikiri nimefiwa."

"Nimefurahi, mama."

"Usiseme umefurahi tu kana kwamba hukuhusika. Umetupa nyumba. Ukitia sahihi Alhamisi, mimi nitakuwa nimemaliza mambo yangu na Mungu. Sitamwomba kingine."

Leokadia alitazama chini. Watu wa kazi yake hawakuzoea kushukuriwa, na alipoona mtu mzima anamshukuru kwa moyo wote namna ile, hakujua aiweke wapi mikono yake.

Alto mwenyewe alikuwa dirishani. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mabega mapana ya marehemu baba yake, na hakuwahi kutamka neno hata moja, ingawa uliposema "viazi" aligeuka. Alikaa ameegemeza shavu la kushoto kwenye kiganja, kama padre anayesikiliza maungamo marefu. Leokadia alimwendea, akachuchumaa mbele yake ili macho yao yalingane.

"Kamwene, Alto," alimsalimu kwa Kibena.

Alto alimtazama, halafu akatazama nje. Hakumrushia kitu. Zamani angekuwa ameshamrushia kitu.

Chakula cha mchana kilikuwa viazi, maharage na parachichi. Alto alichukua kipande kimoja cha kiazi, akakikata nusu kwa vidole, akakitia mdomoni, akatafuna polepole upande mmoja. Kisha akangoja kabla ya kuchukua kingine.

"Unaona?" Mama Alto alinong'ona. "Anakula kwa adabu. Huyu aliyekuwa anakomba sahani kabla hatujaketi. Hata mwenyekiti wa jumuiya alisema hajaona kijana mwenye adabu mezani kama yeye."

Baada ya chakula Leokadia alitoa kibao chake cha kidijitali, akakisogeza karibu na sikio la kulia la Alto, ilipokaa punje.

Punje haikuzidi chembe ya hindi. Iliwekwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, na kazi yake ilikuwa kusikiliza. Mtu kabla hajalipuka, ubongo wake hutangulia kuchafuka. Kwa watu kama Alto wimbi la vurugu hiyo kichwani lilianza kama dakika moja na nusu mapema. Punje ililisikia wimbi hilo likianza, ikalipelekea umeme mdogo usiozidi ule wa sweta unapoivua penye baridi, na wimbi likalala. Mwenyewe hakuanguka wala hakusinzia. Alipoa tu, akasahau alichokuwa anataka kufanya. Kwa siku tisini za majaribio ingeweza kutolewa kwa sindano, dakika tano, hata nyumbani. Siku ya tisini mchambuzi alitia sahihi na punje ikaamriwa itie mizizi, nyuzi nyembamba zikaingia ndani. Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kuitoa bila kumwumiza mwenye nayo maisha yake yote.

Hiyo ilikuwa Jumatatu, siku ya themanini na saba.

Kibao kilionyesha jani la kijani. Jani la kijani maana yake Tulivu, na wachambuzi wengi waliishia hapo, wakanywa chai, wakaondoka. Leokadia alifungua ukurasa wa pili. Hakuwa na sababu. Alifundishwa kazi na sista mmoja mzee, Sista Skolastika, aliyekuwa akisema kwamba mtu asiye na maneno anazungumza kwa kile anachokirusha, na kwamba mchambuzi asiyesoma mpaka mwisho akauze nyanya. Kwa hiyo Leokadia alisoma kila kitu mpaka mwisho, hata maelezo ya nyuma ya pakiti ya sabuni.

Ukurasa wa pili ulikuwa na hesabu ya dhoruba zilizozimwa, zile ambazo zilianza kichwani mwa Alto na hazikufika mikononi. Wiki ya kwanza zilikuwa nne kwa siku. Mwezi wa pili zilikuwa kumi na tisa. Jana zilikuwa arobaini na moja.

Alisoma saa zake. Nyingi zilikuwa wakati wa chakula, mara tu baada ya chakula, na alipolala.

"Kuna nini, daktari?" Mama Alto aliuliza.

"Hakuna, mama. Nasoma tu."

Alisema uongo, na aliondoka na kuku. Mama Alto alimfunga miguu kuku mwenye madoa, akamkabidhi kwa mikono miwili, na huwezi kumkatalia mama wa Kibena anayekupa kuku kwa mikono miwili. Leokadia alishuka kilima na yule kuku akimpigia kelele kwapani, na njia nzima alijiona kama mwizi.

*

"Arobaini na moja zimeanza, arobaini na moja zimezimwa," alisema Bwana Festo Nyagawa asubuhi yake. Alikuwa mkuu wa Idara ya Utulivu ya mkoa, mtu mpole mwenye sweta la kufuma, na kwenye meza yake palikuwa na picha ya msichana anayecheka. "Mimi naona punje inafanya kazi."

"Inafanya kazi. Ninachouliza ni kwa nini dhoruba zinaongezeka."

"Si umesema mwenyewe hajui kuongea? Utamuulizaje?"

"Nizime punje saa moja, wakati wa chakula, nione anafanya nini."

Bwana Nyagawa alivua miwani, akaifuta kwa sweta. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mazungumzo naye yawe magumu. Yule msichana wa kwenye picha alikuwa mpwa wake, Renatha. Kabla ya punje, Renatha alikuwa amejing'oa nywele zote na kuanza kujing'oa kope.

"Leokadia, unajua utaratibu. Ukizima katika siku tatu za mwisho, lazima familia ikubali. Na ikitokea fujo, kumbukumbu itaandika kwamba punje haikumtuliza, na siku ya tisini haitatiwa mizizi. Itatolewa, apewe mwingine. Kwenye orodha kuna watu mia nne. Mama Alto hatapata nafasi tena katika uhai wake."

"Najua."

"Basi jua na hili. Dada yangu analala usiku. Mimi siwezi kusahau hilo, na wewe usimwondolee mama wa watu usingizi." Alivaa miwani. "Lakini siwezi kukukataza. Kaamue na mwenye mtoto."

Leokadia alibaki na karatasi mkononi. Akitia sahihi na kukosea, chochote ambacho Alto alikuwa akijaribu kukisema mara arobaini na moja kwa siku kingefungiwa ndani mpaka kufa. Akizima na kukosea, angemrudisha mama mmoja kwenye plastiki na mabati baada ya kumwonjesha kioo. Alifikiria kutia sahihi. Tusimtakase, alitoa kalamu kabisa, akaifungua kifuniko. Halafu akakumbuka kile kiazi kilichokatwa nusu, akaifunga.

*

Mama Alto alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Walikuwa wamekaa jikoni, karibu na moto. Alto alikuwa sebuleni kwenye kiti chake.

"Kwa hiyo kutulia kwake ni uongo," alisema mama.

"Mikono yake imetulia kweli. Kichwa chake hakijatulia. Sijui kwa nini, na sitaki kukudanganya kwamba najua."

"Na jana uliniambia hakuna kitu."

"Nilikuogopa, mama. Nisamehe."

Mama Alto alichochea moto muda mrefu kuliko moto ulivyohitaji. "Mwanangu," alisema, na hakumwita daktari safari hii, "wewe unakuja, unaondoka. Mimi nilikuwa nalala na kabati limesukumwa mlangoni. Mimi ndiye niliyemshika mikono asijitoboe jicho. Usinirudishe kule. Nakuomba kama ningemwomba mama yangu."

Leokadia alijiwa na machozi, akayaacha yatoke, maana jikoni kuna moshi na kila mtu hulia jikoni.

"Kilianza lini?" aliuliza hatimaye. "Kabla ya punje, alikuwaje? Fomu yako inasema vurugu zilizidi mwaka huu. Zilizidi vipi?"

Mama Alto alimtazama kana kwamba anapima kama anastahili. Kisha akasimama juu ya kigoda, akanyoosha mkono kwenye kichanja juu ya moto, akaanza kuteremsha chupa. Chupa za plastiki za mafuta ya kula, zimefuka moshi mpaka zimekuwa rangi ya chai, kila moja ina maharage yaliyochanganywa na majivu yasiingie wadudu. Aliteremsha kumi, ishirini, akazipanga sakafuni.

"Aliyekutangulia wewe alizicheka," alisema. "Alinipa daftari. Mimi na kalamu hatupatani."

Kila chupa ilikuwa mwezi. Kila harage lilikuwa vurugu moja ya Alto. Jekundu kama kulikuwa na wageni au kelele. La njano kama chakula kimechelewa. Jeusi kama kitu kimehamishwa mahali pake, kiti, kikombe, hata ufagio. Na jeupe?

"Jeupe ni sijui," alisema Mama Alto.

Leokadia aligusa chupa ya kwanza kwa vidole viwili. Shuleni walimfundisha miaka mitatu kwamba kila tendo lina kilichotangulia na kinachofuata, na kwamba mwenye kuandika hayo bila kuchoka ndiye atakayeelewa. Mwanamke huyu alikuwa ameandika kwa maharage bila kufundishwa na mtu.

"Miaka mingine iko wapi?" aliuliza.

"Tulikula. Mwaka ule wa ukame tulikula mwaka mzima wa vurugu zake. Zilikuwa tamu." Walicheka wote wawili, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Wakamwaga majivu, wakaanza kusoma. Mwaka juzi: mekundu, ya njano, meusi, na meupe moja moja. Mwaka jana vilevile. Januari ya mwaka huu, vilevile. Chupa ya Februari ilikuwa na meupe kumi na mawili. Machi ilikuwa na thelathini. Ya Aprili Leokadia aliishika juu, akaitazama penye mwanga wa mlango, na hakukuwa na haja ya kuhesabu. Ilikuwa nyeupe karibu yote.

"Mwezi huo ndio nilioenda kuomba punje," alisema Mama Alto. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nilisema huyu sasa amenishinda. Mengine yote nilikuwa nayajua. Nikiona jekundu linakuja nafunga mlango. Haya meupe ndiyo yaliyonishinda."

"Meupe yalikujaje, mama? Alikuwa anafanya nini?"

"Anajipiga. Ngumi, hapa." Aliinua mkono wake mwenyewe kuelekea usoni, upande wa kushoto, na mkono ukaishia njiani.

Sebuleni Alto alivuta pumzi kwa pua kama afanyavyo mtu mwenye mafua.

Mama Alto alinyanyuka. Leokadia alifikiri anakwenda kwa mwanawe. Lakini alikwenda kwenye rafu, akatandika kanga mezani, akashusha glasi zake moja baada ya nyingine. Alizifunga kila moja kwa mkunjo wake, akabeba furushi mpaka chumbani, akalisukuma chini ya kitanda. Akarudi na magodoro mawili na mito yote ya nyumba.

"Zima," alisema.

*

Leokadia alimwambia Alto kwanza. Alichuchumaa mbele yake, akamweleza kwamba wamemnyamazisha kwa siku themanini na nane bila kumuuliza, kwamba sasa anakizima kile kitu cha sikioni, kwamba anaweza kukasirika akitaka, na kwamba yeye na mama yake wako hapa. Hakujua Alto alielewa kiasi gani. Aliona ni vibaya kutomwambia.

Akabonyeza kibao. Jani la kijani likageuka kijivu.

Dakika za mwanzo hazikuwa na kitu. Mama aliweka viazi mezani na chai ya moto. Alto alichukua kiazi, akakikata nusu, akatafuna upande wa kulia. Kisha akanywa chai, na chai haijui upande.

Meza iliruka. Sahani ziligonga ukuta, Mama Alto akarudi nyuma mpaka mlangoni, na Alto akatoa sauti ambayo nyumba ile haikuisikia kwa miezi mitatu, sauti ndefu, ya chini, isiyo na hasira ndani yake. Leokadia aliisikia hivyo: haikuwa ya hasira. Ngumi yake ilipanda kuelekea taya la kushoto. Leokadia aliwahi, akaweka mto katikati. Ngumi ya pili iliupita mto, ikampata yeye chini ya jicho, akaona nyota akiwa ameketi sakafuni.

"Asishikwe," alisema, maana ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyoamini. "Mama, usimshike. Niko salama."

Alinyanyuka kwa magoti, akarudi mbele ya Alto, akanyoosha mkono wake wazi kati yao, kiganja juu. Hakuudai mkono wa Alto. Wake aliuweka tu pale.

Alto aliutazama. Alikuwa anahema. Kisha akaukamata kwa mikono yake yote miwili, kwa nguvu ya kuvunja, akauvuta, akaubandika kwenye taya lake la kushoto, na akaubana hapo.

Taya lilikuwa la moto kama jiko. Chini ya ndevu palikuwa na uvimbe mgumu, mkubwa kama yai la kanga, ambao macho yasingeuona. Kutoka mdomoni ilimfikia harufu ambayo mtu akishaipata mara moja haisahau.

"Mama," Leokadia alisema. Jicho lake lilikuwa linaanza kufumba na alikuwa analia na wala hakujua ni kwa maumivu au kwa nini. "Mama, ni jino."

Mama Alto alikaa chini palepale mlangoni. "Jino," alisema. "Mimi nikamsifu kwa adabu."

Alto hakuuachia mkono wa Leokadia kwa dakika ishirini. Mkono ulikufa ganzi na yeye hakuutoa. Alikuwa na shukrani ambayo hakuijua kabla. Mtu huyu, waliyemzima mara arobaini na moja kwa siku, alikuwa amepewa nafasi moja, na katika nafasi hiyo hakulipiza kisasi. Alimwonyesha panapouma.

*

Jumatano daktari wa meno, daktari wa kweli safari hii, alilitoa jino pamoja na usaha wa kujaza kikombe cha kahawa. Alisema usaha ulikuwa umeshaanza kuula mfupa. Kwa mtu aliyetulia namna ile, alisema, wangegundua siku ambayo angeshindwa kufumbua mdomo, na wakati huo yeye asingekuwa na cha kufanya ila kusali.

Kwenye benchi la nje ya hospitali Alto alilala ameegemea bega la mama yake, shavu limefungwa kitambaa. Kila alipoamka, Leokadia aliweka kiganja chake mwenyewe kwenye taya lake mwenyewe, akasema, "Inauma?" na Mama Alto akampa Alto kitambaa chenye maji ya baridi. Mara ya nne Alto aliweka kiganja kwenye taya mwenyewe, akangoja. Kitambaa kikaja. Alikitazama kitambaa, akamtazama mama yake, akarudia, na kitambaa kikaja tena.

"Ameomba," alisema Mama Alto. "Leokadia, ameomba kitu."

"Ameomba, mama."

Mama alikikamua kitambaa, akasema, "Itoe. Ile punje. Mpe mwingine."

"Mama, fikiri. Jekundu litarudi. Na la njano."

"Yale nayajua, nimekuambia. Naogopa, usidhani siogopi. Lakini ningeitia mizizi, lile jino lingemwozea mdomoni na mimi naalika jumuiya." Alimfunika Alto bega kwa kanga. "Ila wewe uje. Usinitupe na karatasi. Uje umfundishe mengine, njaa na kelele, kama hili."

"Nitakuja mara tatu kwa wiki."

"Njoo nne. Kuku bado ninao."

Asubuhi ya Alhamisi, siku ya tisini, Leokadia aliweka karatasi isiyo na sahihi mbele ya Bwana Nyagawa, na juu yake karatasi ya pili aliyoiandika mwenyewe: kwamba hesabu ya dhoruba zilizozimwa iwekwe ukurasa wa mbele wa kila kibao, juu ya jani la kijani, na kwamba zikiongezeka mtu apelekwe hospitali kabla ya kingine chochote. Alikuwa amejiandaa kwa mabishano. Alikuwa hata amevaa viatu vizuri.

Mkuu wake alizisoma zote mbili. Akamtazama uso, ambao upande mmoja ulikuwa zambarau. Akaitazama picha ya mezani.

"Renatha alitiwa mizizi miaka minne iliyopita," alisema. "Hatujawahi kufungua ukurasa wa pili." Aliisogeza picha karibu. "Kesho njoo nyumbani kwa dada. Tuufungue pamoja. Kama kuna kitu, walau tujue pa kutafuta."

"Nitakuja."

"Asante," alisema Bwana Nyagawa, na alilisema taratibu, kama mtu anayelipia kitu ambacho bado hajakiona.

*

Punje ilitoka kwa dakika nne. Alto alikaa kimya, akabonyeza pamba nyuma ya sikio kama alivyoelekezwa. Leokadia aliitia punje kwenye kichupa chake, akakifunga. Ilionekana ndogo mno kwa kazi waliyoipa.

Mama Alto alikuwa ameketi mezani mbele ya chupa mpya, tupu, iliyooshwa. Pembeni yake palikuwa na mabakuli manne ya maharage: mekundu, ya njano, meusi, meupe. Glasi zilikuwa bado chini ya kitanda. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni kwa fundo la kazi, tayari kwa lolote.

Leokadia aliinama kukusanya vifaa. Hapo ndipo Alto alipoinuka ghafla.

Kiti kilianguka. Hatua mbili, akawa amemsimamia Leokadia, na mkono wake mkubwa umeshapanda hewani. Mama Alto alinyakua mto. Leokadia alifumba jicho lake moja zima, hakurudi nyuma, akangoja.

Kiganja kilitua kwenye shavu lake, chini ya jicho lililovimba, pale pale ngumi ilipotua Jumanne. Kilitua kwa uzito usiozidi wa kitambaa cha maji. Alipofumbua, Alto alikuwa amemkazia macho, mkono wa pili uko kwenye taya lake mwenyewe, na alikuwa anangoja kama yeye alivyomngoja kwenye benchi la hospitali.

"Kidogo," Leokadia alimjibu. "Inauma kidogo tu, Alto. Asante kwa kuniuliza."

Alto aliuacha mkono pale kwa muda. Kisha akakiokota kiti chake, akakirudisha mahali pake, akakaa.

Mama Alto aliuweka mto chini. Aliivuta chupa mpya karibu, akapeleka mkono kwenye bakuli la mekundu, akauondoa. Kwenye la njano, akauondoa. Juu ya meupe ukasita. Aliyatazama yote manne, na machozi yakiwa yanamtiririka pasipo moshi wowote.

"Hili," alisema, "sina harage lake."